Mota ya Mzee Maganga

Binti yangu akifungua kichupa cha rangi ya kucha, mimi hutoka nje. Anadhani ni mambo ya dini, kwamba sipendi kucha zilizozibwa rangi wakati wa kutawadha, na siku moja nilimsikia akimwambia mwenzake kwa fahari, "Mama yangu kwenye udhu hana mchezo." Nimemwacha aamini hivyo. Ni sifa nisiyostahili, lakini ni rahisi kuliko kumweleza kwamba harufu ile inanirudisha uani kwetu Mindu, kwenye boti ya baba, nikiwa na miaka minane na viganja vyekundu. Tangu tumzike baba mwezi uliopita, hali imezidi. Juzi mtoto alikuwa chumbani na mlango umefungwa, mimi niko jikoni nachambua mchicha, harufu ikanifikia. Niliacha mboga nikaenda kusimama barabarani kama mtu anayesubiri mgeni.

Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabla ya matete ya bwawa. Ukisimama mlangoni uliona maji, na ng'ambo ya maji milima ya Uluguru, ambako baba alizaliwa. Aliteremka huko akiwa kijana, amebeba ndizi za kuuza mjini kama ndugu zake wote, akapata habari za bwawa, akaja kulitazama, akabaki. Boti yake aliinunua ikiwa tayari kuukuu. Mbavu zake zilizibwa kwa lami na vitambaa, na kila mwaka kitambaa kiliongezeka mbao zikapungua. Alivua perege na kambale. Alikuwa na mwanzi mrefu wa kuchokonolea chini, na kila kisiki kilichozama alikifahamu, vingine amevipa majina ya watu aliogombana nao.

Mwaka ninaousimulia, bega lake la kulia lilikuwa limeanza kumkatalia. Mama alimkanda kwa maji ya moto na chumvi, naye akageuza uso ukutani ili nisimwone akikunja sura. Mimi nilimwona. Asiyeweza kupiga kafi hawezi kuvua, na injini ya petroli hakuna aliyethubutu kuiingiza pale, maana maji yale ndiyo yanayonywewa mjini. Baba alianza kusema habari za kurudi mlimani kulima maharage, na alipozisema hakuna aliyemjibu, kwa sababu sote tulijua hataki.

Ndipo Mzee Maganga alipokuja na mota.

Mzee Maganga alikuwa fundi umeme aliyestaafu kwenye mashamba ya miwa, upande wa Turiani, akaja kujenga jirani na sisi. Alikuwa Mnyamwezi. Wanyamwezi na Waluguru ni watani, kila mtu anajua, na wawili hawa walikuwa hawajaambiana neno la adabu tangu wafahamiane. Mtoto pia hakuachwa. Mimi alinigeuza bibi yake. Kabla sijafungua mdomo alikuwa keshainama, mkono kifuani: "Shikamoo, bibi kizee. Meno yameanza kuota tena?" Mama alinifundisha nijibu marahaba bila kucheka, lakini sikuwahi kufanikiwa.

Boti ya baba ilikuwa chakula chake cha kila siku. "Hii si boti," alisema, akiipiga teke. "Hili banda la kuku limekosea njia likaingia majini. Na wewe Mluguru maji umeyajulia wapi? Nyie mkiona dimbwi mnaita ukoo mzima."

"Afadhali sisi," baba alimjibu. "Nyie mmetoka Tabora hadi pwani na mizigo ya watu kichwani, hata kuuliza mnalipwa nini mkasahau."

Mota yenyewe ilikuwa ya mhandisi mmoja wa kigeni wa huko kwenye miwa aliyependa kuvua siku za mapumziko. Alipoondoka alimwachia Mzee Maganga vitu viwili: mota ndogo ya umeme inayoendeshwa kwa betri ya gari, haina kelele wala moshi, na kioo cha kutafutia samaki, kisanduku cheusi chenye waya mrefu, na mwisho wa waya kuna kijicho cha kutumbukiza majini. Vilikuwa vimekaa uvunguni mwake muda mrefu. Alipomwona baba akishika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto, hakumpa pole. Alirudi kwake, akavileta ndani ya toroli, akavimwaga uani.

"Nimechoka kukuona unavyohangaika na mwiko wako wa ugali," alisema. "Watu wa ukoo wangu wataniuliza mbona mtani wako anatuaibisha."

Walifanya kazi siku tatu. Boti ilivutwa hadi uani, kama hatua thelathini kutoka majini, ikapandishwa kwenye magogo mawili. Nilikuwa pale muda wote, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, sitaki hata kutumwa dukani. Ubao wa nyuma wa boti ulikuwa umeoza, ukiubonyeza kwa kidole gumba unaingia, kwa hiyo Mzee Maganga alitafuta kipande kizito cha mninga, akakitoboa kwa keke, akakifunga kwa bolti nne kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ili mota ipate mahali pa kushika. Betri ilikaa kwenye kreti la soda katikati, uzito usielemee upande mmoja. Kioo kilipigiliwa kwenye kiti cha baba. Kwenye kijicho ndipo paliponoga, kwa sababu fundi alitaka kutoboa tumbo la boti.

"Hutoboi boti yangu."

"Boti yako ina matundu kuliko chekecheke. Moja langu litakuua?"

"Hayo nayajua. La kwako silijui."

Hatimaye kijicho kilifungwa kwenye kipande cha ubao kilichoning'inia ubavuni. Mara ya kwanza walikiweka karibu na mota, na feni ya mota ilipozunguka kioo kikajaa chenga kama televisheni wakati wa mvua, baba akacheka hadi akashika bega. Wakakihamishia upande wa pili. Chenga zikaondoka.

Siku ya tatu alasiri tuliingia majini watatu. Sitaisahau safari ile. Boti iliondoka bila mtu kufanya lolote, bila kafi, bila sauti ila mlio mwembamba kama wa nyuki ndani ya kopo, na baba amekaa nyuma ameshika mkono wa mota kwa vidole viwili. Uso wake ulikuwa umetulia. Kwenye kioo, chini ya bwawa palijichora mstari mzito unaopanda na kushuka, na juu yake vikatokea vialama vilivyopinda mithili ya nyusi. "Hao ndio samaki," Mzee Maganga alisema. Mimi niliamini kila samaki anaonyesha unyusi wake kwanza ili ajulikane ni nani. Mstari ukainuka ghafla, ukatokea mwiba. Baba akautazama kioo, akatazama maji, akataja jina la kisiki kimoja, halafu akasema polepole, "Ni chenyewe. Kumbe ana shina refu hivi." Alikuwa amekigusa kwa mwanzi miaka yote ile, na sasa ndiyo kwanza alikiona.

Tulipokuwa tunarudi, Mzee Maganga alipapasa ubavu wa boti akasema maneno aliyozoea kuyasema, ila safari hii yalikuwa na nyongeza.

"Zamani nilikuwa nasema ukifa banda hili nitawapa kuku wangu. Sasa nimebadili mawazo. Sasa imekuwa boti. Ufe upesi, Mluguru, mimi nimeshazeeka, nataka niifaidi na mimi."

"Utaibeba kichwani, mpagazi wewe, hadi Tabora," baba akasema.

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa katikati yao na kreti la betri miguuni, na nilimtazama Mzee Maganga usoni nikaona meno tu. Nilijua kwamba anatania, kwa maana ya kwamba nilijua neno lenyewe. Lakini miezi miwili kabla yake bibi mzaa mama alikuwa amefariki, nikaona watu wanagawana khanga zake na vyombo vyake siku ya arobaini, na nikajifunza kwamba kifo kinakuja, kisha watu wanachukua vitu. Hesabu yangu ilikuwa fupi. Boti ilipokuwa mbovu, Mnyamwezi hakuitaka. Sasa ina mota na kioo, anaitaka. Ili aipate, sharti baba afe. Kwa hiyo mota ikiondoka, hataitaka tena, na baba ataishi.

Jioni ile, jua halijazama, boti ilirudishwa uani. Mota ilishikwa na vibano viwili vyenye mikono ya kukazia, na Mzee Maganga alivikaza kwa nguvu zake zote. Kisha akamwomba mama kichupa cha rangi ya kucha, kile chekundu alichokitumia siku zake za kutoswali. Alipitisha mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye kila kibano hadi kwenye ubao. "Mstari ukikatika, ujue skrubu imecheza," alimwambia baba. "Kila ukitoka, tazama hapa kwanza." Kisha akatoa kamba mfukoni, afunge mota kwenye boti kwa usalama zaidi. Baba akamzuia.

"Kamba ya nini? Mota hii au mbuzi?"

Kamba ikarudi mfukoni. Mzee Maganga akaenda kwake, baba akaingia kutawadha, na mimi nikaachwa nilinde vitu.

Nilitumia mikono yote miwili na uzito wangu wote. Kibano cha kwanza kilikataa, nikaning'inia juu yake hadi kikatoa mlio. Cha pili kilikubali upesi. Sikuvifungua kabisa, nilivizungusha mara mbili mbili tu, kwa sababu nilifikiri mota itateleza yenyewe taratibu, baba atasema chuma hiki si kizuri, atakirudisha kwa mwenyewe. Rangi ilikuwa bado mbichi. Ilinibaki viganjani, na mistari iliyokatika niliipakaza kwa kidole ikaonekana mizima. Nilinawa kwa sabuni, nikasugua kwa majivu. Kwenye mikunjo ya viganja haikutoka.

Asubuhi baba alitazama mistari, akaiona imeungana, akaenda. Yaliyotokea alituhadithia mwenyewe. Alifika kwenye kile kisiki chake, akataka kukizunguka kwa karibu akitazama kioo, feni ikagusa. Mota ikaruka kutoka kwenye ubao. Aliirukia kwa mkono wa kulia, ule mbovu, akaikosa. Nyaya zikavutika, kreti likapinduka, maji makali ya betri yakamwagika kwenye muundi wake. Mota ikazama na nyaya zake. Alijimwagia maji ya bwawa, kisha akapiga kafi kwa mkono mmoja hadi nyumbani, mwendo ambao sipendi kuufikiria. Alipotoka majini suruali ilikuwa imeliwa, na ngozi chini yake pia.

Mzee Maganga alikuja mchana. Alikuwa amesikia njiani kwamba mtani wake amepinduka lakini mzima, kwa hiyo alipiga hodi akiwa ameshaanza kucheka.

"Nasikia hukufa! Umeninyima boti, Mluguru mchoyo wewe!"

Baba alikuwa amelala kwenye mkeka ukumbini, mguu umefunikwa kitambaa cheupe. Hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini, na ndiyo iliyotutisha sote, "Ulilegeza."

"Nililegeza nini?"

"Mistari ilikuwa mizima. Hakuna aliyegusa. Ulifunga hivyo tangu mwanzo. Miaka yote unasema unangoja nife. Kumbe ulikuwa unasema kweli."

Mama alisema, "Baba Mwanne, jamani." Mwanne ni mimi. Baba hakugeuka. Mama akanipa kikombe cha chai nimpelekee mgeni, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Nilikinyoosha kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Mzee Maganga alikipokea kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika kiganja changu akakigeuza juu. Alikitazama. Alitazama mistari myekundu kwenye mikunjo, akanitazama usoni, kisha akavikunja vidole vyangu kimoja kimoja hadi kikawa ngumi.

"Basi, ndugu yangu," alimwambia baba. "Ugua pole."

Hakuwahi kumwita ndugu yangu hata siku moja. Aliweka kikombe chini bila kunywa, akatoka. Baada ya wiki chache tukasikia amehamia Kisaki kwa binti yake.

Ninachokionea aibu zaidi ni kwamba nilifurahi. Baba mwenyewe alikuwa amesema, mbele ya watu, kwamba yule mtu alingoja afe, kwa hiyo nilikuwa nimeona sawasawa. Nilikuwa nimemwokoa baba. Nilitembea na siri ile kifua mbele, nikingoja siku ya kuisema nisifiwe.

Nilikuja kuelewa nikiwa na miaka kama kumi na tatu, kwenye msiba wa jirani kule Kingolwira. Jeneza lilipotaka kutoka, mzee mmoja, mtani wa marehemu, alijitupa njiani akalala chali. Alikataa kuinuka mpaka alipwe, akapiga kelele kwamba marehemu ameondoka na koti lake. Halafu akainuka akaiga alivyotembea marehemu, mguu mmoja nje, na mjane aliyekuwa analia tangu alfajiri akacheka hadi akashika ukuta. Nilimtazama yule mzee. Alikuwa anacheza na machozi yanamtoka. Nikaelewa, nikiwa nimesimama pale na ushungi wangu, kwamba maneno ya Mzee Maganga yalikuwa mapenzi, na kwamba mimi ndiye niliyemfukuza.

Mngedhani nilikwenda nyumbani nikasema. Sikusema. Baba alikuwa ameacha kuvua, amerudia maharage, ana shamba dogo la kukodi na kovu la muundi linalong'aa. Boti ilipinduliwa nyuma ya nyumba. Kioo cha samaki alikifunga kwenye khanga ya mama akakiweka sandukuni, na mara mojamoja nilimkuta amekitoa anakipangusa, kitu kisicho na betri wala maji. Watu wakitoka Kisaki aliwauliza habari za mvua za huko, habari za treni, akazunguka mbali kabisa, kisha kama mtu aliyekumbuka tu, "Na yule Mnyamwezi, hajafa?" Akiambiwa yuko mzima alinyamaza siku nzima.

Siku moja, mimi nimeshaolewa, nimekuja kumsalimia, alikuwa anapangusa kile kioo. Akaniuliza bila kuinua macho, "Hivi, mama, wewe ulikuwepo. Zile skrubu alizikaza kweli yule?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Nilikuwa mtu mzima, hakuna ambaye angenichapa.

"Sikumbuki, baba," nikasema. "Nilikuwa mdogo."

Akatikisa kichwa, akakifunga kioo.

Siku ya mazishi Mzee Maganga alikuja. Alitoka Kisaki na fimbo na mjukuu wa kumshika mkono. Nilipomwona njiani nikasema moyoni, sasa atalala mbele ya jeneza, sasa atadai boti yake. Watu wa mtaani waliowakumbuka walianza kutabasamu mapema. Nilimwendea nikasimama, nikasubiri aniwahi kwa shikamoo yake ya zamani. Hakuniwahi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mama. Poleni sana."

Akaenda kukaa mwisho wa jamvi, mikono magotini, kama mgeni aliyepita tu. Jeneza lilitoka bila mtu wa kulizuia. Baba alikwenda makaburini kimya, na nilisikia mama mmoja nyuma yangu akinong'ona, "Marehemu hakuwa na mtani?"

Watu walipopungua nilimfuata. Nilipiga magoti pembeni ya jamvi nikasema kwa mkupuo, "Mzee Maganga, mota niliilegeza mimi."

"Najua," alisema. "Tangu siku ile ya chai."

"Mbona hukumwambia?"

"Alikuwa na hasira na mguu unamuungua. Ningesema, angekuumiza. Nikasema mtoto atamwambia mwenyewe, siku akitulia. Halafu Mluguru atanifuata Kisaki anitukane, tuendelee." Aligusa kofia yake. "Nikangoja. Nikadhani umemwambia na yeye ndiye hataki kuja. Hilo ndilo lililoniuma."

Machozi yalinitoka, naye hakunizuia wala kunibembeleza. Akauliza boti iko wapi. Nikampeleka nyuma ya nyumba. Ilikuwa pale kwenye magogo yaleyale, imepinduliwa, ubao wa mninga bado mzima na bolti zake nne zimekazwa vizuri, na chini yake kuku wa mama wamelalia mayai. Mzee Maganga aliinama kwa taabu akachungulia. Akaipiga kwa fimbo mara mbili.

"Si nilisema?" akasema kwa sauti, akitazama upande wa mlango wa nyuma, alikozoea kusimama baba. "Nilisema hili ni banda la kuku. Sasa nimekuja kulichukua."

Jibu la baba nililijua lote. Nililijua neno kwa neno, na kituo cha kupumua kabla ya Tabora. Lilifika mdomoni likakaa hapo. Lilikuwa la mtu mwingine, na mimi ndiye niliyemnyima nafasi ya kulisema kwa miaka yote ile.

Mzee Maganga alisubiri. Kuku mmoja alitoka, akajikung'uta, akarudi ndani. Kisha mzee akamwita mjukuu wake, akamwambia wawahi gari.